Bafle tano, neno moja: historia ya sauti ya kuzunguka kwa mwenye dola kidogo

Kawaida hapa mimi naandika juu ya muhogo, udongo na mbolea. Leo munivumilie, nitaandika juu ya bafle. Ni historia, lakini inaanzia kwenye mfuko wangu.

Mwaka uliopita nilipata kontra yangu ya kwanza tangu kumaliza lisansi: miezi mitatu ya kuhesabu mimea ya muhogo yenye ugonjwa wa mozaiki katika uwanda wa Ruzizi. Pesa ya kwanza munaijua, haijafika mkononi imeshagawanywa. Minervali ya mdogo wangu, deni la dukani, mabati juu ya jiko la mama. Kilichobaki kilikuwa dola 130, na nilikuwa nimeamua zamani kitafanya nini: kumrudishia muzee wangu sinema.

Nilipokuwa mdogo muzee alikuwa na sine-video kule Kadutu. Mbao za kukalia, pazia jeusi mlangoni, televizyo moja, deki ya kaseti, jenereta nje inapiga kelele, ampli moja na mabafle mawili makubwa aliyotengeneza yeye mwenyewe kwa triplex. Baadaye kila nyumba ikapata DVD yake na sine-video ikafa. Ampli na mabafle yakaingia stoo, mama akayawekea mabeseni juu. Leo masikio ya muzee yamepunguka. Jioni tukiwasha filamu anakaa nasi dakika ishirini, halafu anasema, “Mi niko na usingizi,” anaenda chumbani. Si usingizi. Hasikii watu wa ndani ya filamu wanasema nini, na anaona haya kuuliza kila mara.

Basi nikanunua. Kwenye katoni waliandika 5.1, waliandika na wati 3000. Bafle tano ndogo na sanduku moja la besi. Nikatandika waya saloni nzima, mbele, katikati, nyuma, kama ile picha ya kwenye katoni. Nikaunganisha kwenye tundu la ekuteri la televizyo, nikawasha filamu. Muzee akasikiliza kwa adabu, kisha akaniambia neno ambalo bado linaniuma: “Mutoto wangu, hii kitu yako inasema neno moja fasi tano.”

Alikuwa na haki. Nilizunguka saloni nikiweka sikio kwenye kila bafle: sauti ileile, mbele na nyuma. Muuzaji hakutaka kurudisha pesa. Alisema chombo kinalia, na kweli kilikuwa kinalia. Ndipo nikaanza kusoma, kwanza kwa hasira, kisha kwa kupenda. Haya niliyoyapata ningeyajua kabla, dola 130 zisingepotea.

Jambo lenyewe lilianza na swali kama la muzee. Mnamo 1931, inasimuliwa, mhandisi Mwingereza Alan Blumlein wa kampuni ya EMI alikuwa sinema pamoja na mke wake. Filamu za kusema zilikuwa mpya, na sauti yote ilitoka fasi moja. Mchezaji akitembea kutoka upande huu wa kitambaa kwenda upande mwingine, sauti yake inabaki palepale. Blumlein akamwambia mke wake kwamba amepata njia ya kuifanya sauti imfuate mtu. Desemba ya mwaka ule aliomba hati ya uvumbuzi, na ndani yake kuna karibu yote tunayoita stereo: maikro mbili, njia mbili katika mfereo mmoja wa sahani, bafle mbili. Hakuona kazi yake ikiingia majumbani. Alikufa Juni 1942 katika ajali ya ndege wakati wa kujaribu rada ya vita. Sahani za stereo zilianza kuuzwa kwa watu wote karibu na 1958.

Lakini Blumlein alihesabu bafle mbili. Wamarekani wa Bell Labs walihesabu tatu, na hapo kuna somo la kwanza kwa mnunuzi. Tarehe 27 Aprili 1933, okestra ya Philadelphia ilipiga muziki mjini kwao, na watu wakausikiliza Washington kwa njia ya laini za simu. Kondakta Leopold Stokowski hakuwa na wapigaji wake. Alikuwa Washington, anashika vifungo vya kupandisha na kushusha sauti. Walitumia njia tatu: kushoto, katikati, kuume. Juu ya nini ile ya katikati? Kwa sababu bafle mbili zinadanganya vizuri kwa mtu mmoja tu, yule aliyekaa katikati kabisa. Kwake, sauti iliyo sawa pande zote mbili inaonekana kutoka katikati, ingawa pale katikati hakuna kitu. Mwenye kukaa pembeni anasikia ile bafle ya karibu yake tu. Ukumbi una watu wengi wa pembeni, kwa hiyo unahitaji bafle ya kweli katikati.

Nisome hapo, nikakumbuka kiti cha muzee. Kiko karibu na mlango, pembeni kabisa.

Sauti ya kutoka nyuma iliingia sinema mwaka 1940, na filamu ya Walt Disney, Fantasia. Stokowski tena! Disney na kampuni ya RCA walitengeneza mtambo uliopewa jina Fantasound, wenye bafle nyuma ya kitambaa na nyingine kando ya watu. Ulikuwa mzito na wa bei kali mno, kumbi chache tu ziliuweka, halafu vita vikaja. Miaka ya 1950 televizyo ilipoanza kuwanyang'anya watu, sinema ikarudi kwenye sauti. Cinerama ya 1952 ilikuwa na njia saba, tano mbele na mbili kwa ajili ya kuzunguka watu. CinemaScope ya 1953 ilikuwa na nne: tatu mbele, moja ya kuzunguka. Angalieni hesabu hiyo. Hata mwenye pesa ya Hollywood aliweka tatu mbele na moja nyuma, maana maneno na muziki wa filamu vinatoka mbele. Ile njia ya nyuma ilikuwa na kazi kidogo hivi kwamba walitia mlio wa siri wa kuizima wakati haina la kusema, watu wasisikie mchakacho wa utepe. Na bado wenye kumbi ndogo walikataa kulipa. Kampuni ya Fox ilianza kwa kuwalazimisha, ikashindwa. Kufikia 1954 ilikubali kutoa nakala zenye sauti ya njia moja ya zamani. Mwenye sine-video wa Amerika alikuwa na mfuko kama wa muzee wangu.

Sasa tuje nyumbani, maana njo fasi mnunuzi anaumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makampuni yalianza kuuza sauti ya bafle nne, kwadrafoni. Tatizo: sahani ya kawaida ina njia mbili tu. Unaingizaje nne ndani ya mbili? CBS ilileta mfumo wake, SQ. Sansui ikaleta wake, QS. JVC ikaleta CD-4. Sahani ya mmoja haikusomeka vizuri kwa chombo cha mwingine. Mtu alinunua ampli mpya, bafle mbili zaidi na sindano mpya, halafu anakuta muziki anaoupenda umetoka kwa mfumo usio wake. Kabla ya miaka kumi kwisha, kwadrafoni ilikuwa imekufa. Nikisoma hiyo nilijisikia niko na ndugu zangu walionitangulia kudanganywa.

Katikati ya fujo ile mtu mmoja alifanya jambo ninalolipenda kuliko yote katika historia hii. Ni David Hafler, mwanzilishi wa kampuni ya Dynaco, iliyouza ampli za kujiunganishia mwenyewe, za bei nafuu. Hafler alisema: chukua ampli yako ya stereo ya kawaida, acha mabafle yako mawili mbele kama yalivyo. Chukua mabafle mengine mawili, uyaunge kwa mnyororo, moja baada ya jingine. Ncha moja ya mnyororo itie kwenye plusi ya kushoto, ncha nyingine kwenye plusi ya kuume. Minusi usiiguse. Weka mabafle hayo nyuma. Basi, ni waya tu.

Kwa nini inafanya kazi? Mwanafunzi wa agronomia ataelewa haraka. Tukijaribu mbolea tunakuwa na parseli yenye mbolea na parseli ya kulinganishia. Tunatoa mavuno ya hii kwenye mavuno ya ile. Kilicho sawa kinafutika, kinabaki kile cha tofauti. Bafle iliyofungwa kati ya plusi mbili inafanya kutoa kulekule: kushoto toa kuume. Sauti ya mwimbaji, iliyo sawa pande zote, inafutika. Kinachobaki ni mwangwi wa ukumbi, mvua, makofi, vitu visivyolingana pande mbili. Vile njo vinatakiwa kutoka nyuma.

Na Hollywood ilipotaka sauti ya kuzunguka ya bei rahisi, ilipita njia hiyohiyo ya hesabu. Dolby Stereo ya katikati ya miaka ya 1970 ilibana njia nne, kushoto, katikati, kuume na nyuma, ndani ya mistari miwili ya sauti iliyo pembeni ya filamu ya milimita 35. Iliazima mbinu za kwadrafoni iliyokuwa inakufa: sauti ya katikati inaandikwa sawa kwenye mistari yote miwili, sauti ya nyuma inaandikwa kwa kupingana. Mwenye ukumbi asiye na mtambo mpya bado alisikia filamu vizuri. Mwaka 1977 Star Wars ikatoka, ile merikebu kubwa ya angani ikapita juu ya vichwa vya watu, na wenye kumbi wakaanza kununua mtambo bila kulazimishwa na mtu.

Kwa sababu ni njia mbili tu, ile sauti iliingia nzima kwenye kaseti ya video ya stereo. Mwaka 1982 Dolby Surround ikaanza kuuzwa kwa nyumba, ikitoa njia ya nyuma kwa kutoa huku kwa huku, kama Hafler. Mwaka 1987 ikaja Pro Logic, na huyo akaongeza jambo kubwa: njia ya katikati ya kweli, ili maneno yasimame kwenye kitambaa hata kwa mtu wa pembeni.

5.1 yenyewe ni nini basi? Ni njia tano kamili, kushoto, katikati, kuume na mbili za nyuma, pamoja na moja ya besi nzito inayobeba sehemu ndogo tu ya sauti, ndiyo maana wanaihesabu nukta moja. Mwaka 1992 filamu Batman Returns ilibeba njia sita hizo kwa dijitali, alama zake zikiwa zimechapwa kati ya matundu ya kuvutia filamu. Mwaka uliofuata Jurassic Park ikaleta mpinzani, DTS, sauti ikiwa kwenye CD inayokimbia pamoja na filamu. DVD ilipotoka Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani 1997, njia sita zikaingia saloni. Sasa kila moja ilikuwa na maneno yake, hakuna tena kutoa huku kwa huku. Lakini zilikuwa zimefungwa kama mzigo, na mzigo unahitaji mtu wa kuufungua: dekoda.

Hapo nikaelewa katoni yangu. Ndani kulikuwa ampli sita ndogo na hakuna dekoda. Nyuma kuna matundu sita, yaliyotengenezwa kwa zile deki za DVD zenye dekoda ndani yake na waya sita za kutoka. Tundu la ekuteri la televizyo linatoa njia mbili. Kile chombo kilizipokea mbili, kikazigawa kwa wote. Katoni haikusema uongo: bafle ni tano na sanduku ni moja. Neno moja, fasi tano.

Kwa hiyo ukienda sokoni, swali la kwanza usiulize “ina bafle ngapi?” Uliza “sauti inaingilia wapi?” Kama kuna blututi, yuesibi na matundu ya rangi tu, bila HDMI yenye neno ARC, bila tundu la mwangaza lenye neno OPTICAL, na bila alama ya Dolby Digital au DTS, basi ile ni stereo iliyovaa koti. Angalia na televizyo yako ina tundu gani, maana mlango unahitaji pande mbili.

Wati 3000 je? Geuza chombo, soma kibandiko cha nyuma. Changu kilisema kinakula wati 60 kwenye umeme. Chombo hakiwezi kutoa kuliko kinachokula, kama vile shamba halitoi tani zilizochapwa kwenye mfuko wa mbegu. Na hata zingekuwa za kweli: ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3, sikio linaona mabadiliko kidogo tu. Kwa saloni zetu za mita nne kwa nne, wati 20 za kweli kwa kila bafle ni sauti ya kuamsha jirani.

Jambo jingine historia ilinifunza, na hili ni zuri kwetu. Kila mara makampuni yanapogeuza mfumo, vile vya jana vinashuka bei kabla ya kuharibika. Mwaka 2012 ikaja Dolby Atmos, sauti ya kutoka hata darini, na ampli za wakati wa DVD zikaanza kutupwa Ulaya. Nyingi bado zinafungua Dolby Digital kupitia tundu la mwangaza, na televizyo nyingi za leo bado zinaitoa. Kasoro yake kwa kawaida ni kutopitisha picha mpya za HDMI, na picha sisi hatuipitishi huko, tunapitisha sauti. Ukikuta ya okazyo yenye dekoda na matundu ya bafle tano, wiwashe palepale dukani, sikiliza kila njia peke yake, hakikisha ni ya volti 220, kisha uanze na bafle mbili nzuri za mbele. Ya katikati itafuata, za nyuma mwisho, kama CinemaScope ilivyohesabu. Na ujiwekee dola kwa stabilizateri. Umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa hasira, ampli bila kinga ni mshumaa kwenye upepo.

Mimi dola zilikuwa zimekwisha. Nikatoa mabeseni ya mama, nikafuta vumbi kwenye ampli ya muzee. Njia moja ilikuwa inachakacha. Fundi akasafisha kitufe cha sauti, akanitoza dola 5. Mabafle ya triplex yalilia mara ya kwanza. Nikakata waya za bafle mbili ndogo za kile chombo changu cha aibu, nikazifunga kwa njia ya Hafler. Onyo hapa, tafadhali: fundi alipima kwanza kwamba minusi mbili za ampli zimeungana ndani. Ampli nyingine haziko hivyo, hasa za gari na za kisasa ndogo, na ukizifunga namna hii utaziunguza. Kama hujui kupima, usijaribu.

Ikabaki shida ya maneno. Bafle ya katikati sina, na kiti cha muzee kiko mlangoni, fasi anayosalimia watu wanaopita. Nilimwomba ahamie katikati ya saloni. Akaniuliza kama lisansi yangu ni ya kuhamisha wazee. Basi kiti hakikuhama. Nilihamisha televizyo, nikaipeleka ukuta unaotazama mlango, na mabafle mawili pembeni yake, kila moja mbali sawa na kiti chake, yakigeuziwa uso wake. Besi nikaishusha, kwa maana besi nyingi inameza herufi.

Jumamosi tukaweka filamu ya vita ya zamani, kaseti aliyowahi kuionyesha sine-video, sasa iko kwenye yuesibi. Si moja ya zile zenye mtafsiri anayesema juu ya wachezaji. Zile hakuna waya itakayoziokoa, mtafsiri amefunika yote. Mvua ilianza kunyesha ndani ya filamu, na mama akainuka kwenda kuanua nguo. Muzee akacheka. Baadaye mchezaji mmoja akanong'ona jambo kwa mwenzake, nami nikageuka kumtazama muzee, na yeye akanikemea kwa mkono nisimpotezee maneno.

Alikaa mpaka majina ya mwisho. Kisha akauliza ile mabafle yangu mengine matatu na sanduku la besi niliyafanyia nini. Nikamwambia yako stoo. Akasema moja anaijua fasi yake, chini ya televizyo, katikati, nikipata ampli ya kuifungua. Natafuta. Mwenye kuona ya okazyo kwa bei ya mlisansie, aniandikie.